Mdogo wangu kazi imemshinda ghafla, ni uvivu au ni sonona?

Dada wa Mbagala
Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, ni fundi simu Kariakoo na kazi anaijua haswa, simu imeingia maji wenzake wameshindwa yeye anaifufua. Sasa tangu Ramadhani iishe kabadilika kabisa. Bosi wake kanipigia anasema dogo anafungua simu ya mteja, skrubu anazipanga vizuri tu kwenye kile kimkeka cha sumaku, halafu anabaki anaziangalia, hakumbuki ipi inarudi wapi, simu ya nusu saa anashinda nayo mpaka jioni. Droo imejaa simu za watu zina vikaratasi vya majina na wateja wanakuja juu. Nyumbani kuoga mpaka asukumwe, chakula anadonoa, saa tisa usiku namsikia anatembea ukumbini, asubuhi kuamka hawezi. Meseji za watu hafungui.

Kinachotuchanganya, rafiki zake wakija anacheka nao fresh tu, wakiondoka anarudi kitandani. Mama anasema katupiwa jini, bamdogo anasema uvivu. Halii wala halalamiki, ukimuuliza "niko poa sista". Huu ni ugonjwa kweli au tunamuendekeza?

Baba Wawili Keko
Dada pole, ila mimi nasema ukweli wangu. Maisha magumu kwa kila mtu, wote tuna stresi na tunaamka saa kumi kugombania daladala. Vijana wa sasa wakiguswa kidogo tu wanalala. Mpeni majukumu, akatwe hela ya kula, ataamka.

Muuguzi Ilala
Baba Wawili kwa heshima zote hapo sikubaliani na wewe. Mvivu anakwepa kazi lakini starehe hazimshindi, mpira ataenda, usingizi anao tena mzito. Dada hebu mwangalie huyo kijana, vitu alivyokuwa anavipenda bado anavifanya? Na mtu anayetembea saa tisa usiku huyo hajalala kwa raha, mwili umechoka na kichwa hakizimi.

Pale kliniki tuna dodoso la kupima sonona linaitwa PHQ-9, ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, yaani kukosa raha, usingizi, uchovu, kula, umakini, kujiona hufai, mpaka mawazo ya kufa. Mwishoni kuna swali jingine ambalo halina maksi lakini mimi ndo naliangalia sana, hizo dalili zimekupa ugumu kiasi gani kwenye kazi, mambo ya nyumbani na kuelewana na watu. Maana kijana wa kiume wa hapa Dar hatakuambia ana huzuni, utaiona kwenye kazi iliyolala na simu isiyopokelewa. Hizo skrubu ni umakini umeondoka, ni dalili kama homa ilivyo dalili. Na kucheka na rafiki kwa saa moja anaweza, ila inammalizia nguvu zote alizobaki nazo ndo maana anadondoka kitandani. Umri wake nao usiupuuze, zaidi ya nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 25.

Mpeleke apimwe, na waangalie damu na tezi ya shingo pia, maana upungufu wa damu au homoni za tezi kushuka vinaweza kuleta uchovu unaofanana na huo. Anzeni kituo cha afya au nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu Temeke ndo karibu. Mama akitaka kumwombea amwombee, dua na hospitali havigombani.

Halafu muulize wazi kama anawaza kufa au kujidhuru. Usiogope, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo.

Binti wa Kimara
Mimi yangu ilikuwa wasiwasi sio sonona ila naielewa sana hiyo "niko poa". Nilikuwa napanda mwendokasi Kimara asubuhi, ikifika Shekilango moyo unapiga mpaka nausikia masikioni, mikono inakufa ganzi, nashuka na nauli nimelipa natembea mpaka nitulie. Kazini nikaonekana mchelewaji sugu, hakuna aliyejua naogopa gari. Sikusema kwa sababu ukisema akili watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Kilichonisaidia ni mwanasaikolojia, tukaanza kituo kimoja, nikizoea tunaongeza, na sasa nafika Kivukoni. Dada usimuulize "una nini", muulize vitu vidogo, jana ulilala saa ngapi, ni kitu gani kinakushinda zaidi asubuhi. Hayo anaweza kuyajibu.

Fundi Mkubwa
Nina vijana dukani, naongea kama bosi. Ongea na bosi wake, sio lazima umtajie ugonjwa, mwambie dogo anatibiwa na anahitaji kazi nyepesi kwa muda. Ampe simu moja, akiimaliza ndo apewe nyingine, abadilishe vioo na betri, mambo ya bodi na kusolda yasubiri. Asimfukuze, akikaa nyumbani siku nzima ndo anazidi kuzama.

Muuguzi Ilala
Fundi umenena. Zimbabwe wana mpango ulioanzishwa na Dk Dixon Chibanda mwaka 2006, mabibi waliofundishwa wanakaa kwenye mabenchi nje ya kliniki, wanamsikiliza mtu halafu wanamsaidia achague tatizo moja tu la kuanza nalo. Utafiti wao ulitoka 2016 na dalili zilipungua kweli. Na dada, akianzishiwa dawa za sonona mjue zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, wengi wanaacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Asiziache bila kuongea na daktari.

Dada wa Mbagala
Asanteni sana jamani. Mpira kaacha kabisa na alikuwa hakosi, na jezi yake kampa jirani. Nimemuuliza jioni hii kama mlivyosema. Kanyamaza muda mrefu halafu akasema kuna siku anatamani asiamke, na kwamba ashaliwazia sana. Nimepanga Jumanne twende Temeke.

Muuguzi Ilala
Hapana dada usisubiri Jumanne, nendeni usiku huu huu, dharura wako wazi saa 24. Asiachwe peke yake hata chooni muwe karibu. Dawa zote za ndani na sumu ya panya toeni nje ya nyumba. Mkifika mwambieni daktari hilo la kutamani asiamke kwanza kabla ya yote, na hilo la kugawa vitu vyake.

Baba Wawili Keko
Dada mimi nina bajaji na niko jirani na hapo, nitumie namba inbox nije niwachukue.

Dada wa Mbagala
Nimetuma. Mama anavaa, tunakuja naye.