Bendi ya watu wanane, Hiace moja, Morogoro mpaka Mbeya: mliozoea mikoani nisaidieni

KinandaMoro ameuliza:

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari zenu.

Mimi ni mwanamke, napiga kinanda kwenye bendi ya dansi hapa Morogoro. Tupo wanane: waimbaji wawili (kaka mmoja na dada mmoja), solo, ridhim, besi, drams, tumba na mimi. Miaka minne yote tumekuwa wa hapahapa. Ijumaa tuna baa yetu upande wa Msamvu, Jumamosi harusi, mara mojamoja Kilosa au Ifakara, tunapiga na kurudi.

Sasa tumepata safari ya siku kumi na moja. Alhamisi kuondoka, Ijumaa Iringa, Jumamosi Makambako, Jumapili Njombe, katikati ya wiki hatuna kitu, halafu Ijumaa na Jumamosi Mbeya, Jumapili kurudi. Iringa tumepatana malipo ya jumla. Makambako na Njombe tunagawana mlango na promota. Mbeya wanatupa malipo kidogo, chakula na malazi.

Gari ni Hiace ya shemeji yake mpiga solo. Dereva tunampa posho, mafuta juu yetu. Vyombo ni spika mbili kubwa, mbili za besi, mikisa, ampi tatu, drams, tumba tatu na kinanda.

Kupanga safari nimeachiwa mimi kwa kuwa ndiye mshika daftari. Ili tuokoe fedha ya gesti, nimepanga Iringa tukimaliza saa tisa usiku tupakie na kuondoka hapohapo, tufike Makambako kunapambazuka, tulale mpaka mchana. Maswali yangu: fedha tuzigawe vipi tusigombane njiani? Promota tumbane vipi? Na kipi ambacho mtu hakijui mpaka kimkute hukohuko? Wenzangu wameniamini na sitaki niwapeleke pabaya.

---

BesiYaKale amejibu:

Marahaba mwanangu. Nimepiga besi mikoani miaka ishirini na nne, sasa nimetulia Iringa, nina kibanda cha kutengeneza redio na ampi.

Mengine nitayafikia. Kwanza hilo la kuondoka Iringa saa tisa usiku. Lifute leo kabla hujalala.

Mwaka 2003 tulipiga Songea, tukamaliza usiku wa manane. Kesho yake tulikuwa na harusi Njombe, tukaona tutembee usiku. Dereva wetu alikuwa mtu mwema mno. Jioni alitusaidia kushusha spika, akakaa ukumbini akitusikiliza kwa sababu aliupenda muziki wetu, tulipomaliza akatusaidia kupakia. Kwa hiyo aliposhika usukani alikuwa macho tangu alfajiri ya jana yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka hilo, maana sisi tuliingia garini tukalala. Tulipopita Madaba naye akasinzia. Gari likaacha njia, likaingia kwenye shamba la mahindi, likasimama. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini spika moja ilikuwa haikufungwa, iliruka kutoka nyuma ikampiga mpiga tumba wetu, ikamvunja mtulinga. Mkono wake haukurudi kuwa ule. Alikuwa na mkono wa kushoto ambao sijausikia tena kwa mtu mwingine mpaka leo, na aliacha kupiga akiwa na miaka thelathini na moja.

Wewe ni mtu wa Morogoro, kwa hiyo haya unayajua pengine kuliko mimi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe aliyeipa umaarufu Morogoro Jazz alikufa kwa ajali huko Kenya mwaka 1979. Mwaka 2011 wenzetu wa taarab, Five Stars, walikuwa wanarudi kutoka Mbeya wakapata ajali maeneo ya Mikumi, wakafa watu 13. Ni njia hiyohiyo mtakayopita.

Basi sheria yangu ni hii, na tangu 2003 sikupanda gari la bendi isiyoifuata. Dereva habebi spika. Dereva haji ukumbini. Mkishusha vyombo anakula, anakwenda gesti, anazima simu, analala. Chumba chake ni cha kwanza kulipiwa na ni cha peke yake, mbali na kelele. Iringa laleni mpaka saa nne asubuhi, kunyweni chai, ondokeni. Makambako ni mwendo wa saa tatu hivi, mtafika na jua lipo, mna muda wa kufunga vyombo na kupima sauti.

Upakiaji. Toeni kiti cha mwisho. Spika kubwa zilale sakafuni, zimebanana, zifungwe kwa ile mikanda ya kukaza wanayotumia watu wa malori, si kamba ya katani. Ampi juu yake, kisha drams. Magitaa na kinanda mkae navyo. Keria wekeni mabegi ya nguo na turubai juu. Ukimaliza kupakia simama ujiulize: dereva akikanyaga breki ghafla, kipi kitakuja kichwani kwa nani?

Alhamisi ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Mbuga ya Mikumi dereva aende mwendo wa vibao, mnyama akigongwa mnalipa na gari limeharibika. Ruaha Mbuyuni kuna joto la kukaanga na watu watawazunguka na vitunguu. Msinunue sasa, nunueni siku ya kurudi. Halafu mnaanza kupanda Kitonga. Lori moja likiharibika katikati ya kile kilima foleni inaweza kuwakalisha nusu siku, ndiyo maana nasema mtoke mapema na mwe na maji na chakula garini. Mkishafika juu hewa inabadilika palepale, na magitaa yenu yatabadilika nayo. Msiyakaze garini. Subirini yazoee baridi ukumbini nusu saa ndipo myakaze. Makambako na Njombe usiku zina ukungu, ngozi za tumba zitalegea katikati ya wimbo. Sisi tulikuwa na jiko la mkaa nyuma ya jukwaa, tunazisogeza zipate joto kidogo. Kama mnakwenda Juni au Julai, kila mtu abebe sweta na soksi nzito. Vidole vikifa ganzi hakuna solo.

Sasa fedha. Kabla hamjatoka Morogoro, pigeni hesabu ya mafuta ya kutoka Mbeya mpaka nyumbani, itieni kwenye bahasha, gundi, kila mtu asaini juu yake, ashike mtu mmoja asiyekunywa. Bahasha hiyo haifunguliwi hata mkilala njaa. Zinazobaki, kila baada ya onyesho, kabla mtu hajaingia kulala, wewe mshika daftari soma kwa sauti mbele ya wote: zimeingia hizi, mafuta haya, dereva hivi, gesti hivi, chakula hivi, za akiba ya matengenezo hizi, kila mmoja anapata hizi. Soma hata kama ni usiku mno na watu wanapiga miayo. Nimeona bendi mbili zikivunjika njiani, na zote mbili fedha haikuibiwa. Ilikuwa haijasomwa.

Wazee waliotufundisha hawakuwa na shida hii. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake tangu 1964, bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, ikaanza 1978 na baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Polisi na Jeshi nao walikuwa na zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara. Ila vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukiondoka unaondoka na vidole vyako. Nyinyi vyombo ni vyenu, na pancha pia ni yenu.

Promota: nusu iingie kwenye simu yako kabla gari halijawashwa. Kwa wale wa kugawana mlango, akupe angalau mafuta ya kufika. Tiketi ziwe na namba, na mlangoni akae mtu wenu pamoja na wake, tangu mteja wa kwanza. Sisi mji mmoja tulimwachia promota mlango peke yake, saa sita usiku akatoweka na boksi. Tulikaa gesti siku mbili, tukatoka kwa kuacha ampi rehani. Na mwambie akutumie picha ya kibali cha onyesho kutoka kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Nyinyi bebeni nakala za usajili wenu wa BASATA, lile baraza la sanaa, mbili mbili.

Jambo moja linanitia wasiwasi: tarehe. Iringa ni mji wa wafanyakazi na wanafunzi, mwisho wa mwezi ndiyo mwezi wao. Makambako na Njombe ni wakulima na wafanyabiashara wa viazi na mbao. Kule uliza mazao yanauzwa lini, usiangalie mshahara. Ni wiki gani hiyo?

---

SautiYaTanga amejibu:

Mdogo wangu, mzee amesema kweli tupu. Mimi ni mwimbaji, nimetembea na taarab na dansi pia, naongeza ya kwetu wanawake maana wanaume huwa hawayawazi.

Wewe na huyo dada mwimbaji laleni chumba kimoja, na kabla ya kulipa nendeni wenyewe mkajaribu kufuli na komeo. Ukumbi ukiwa na choo cha nje, mwende wawili, na tochi. Mwenye baa akisema mwimbaji akakae meza ya mteja fulani "kumshukuru", jibu ni hapana, na atakayelijibu ni kiongozi wa bendi, si yule dada. Hilo lipatanisheni kwenye kikao leo, kila mwanamume wa bendi alisikie, ili siku likitokea dada asijikute yuko peke yake. Mimi lilinikuta nikiwa na miaka ishirini, wenzangu wote wakatazama chini. Muziki wa usiku ule nimeusahau wote, zile nyuso naziona mpaka leo.

Sauti: safarini asiimbe wala asibishane, dirisha la upande wake lifungwe. Upepo wa Makambako ulininyima sauti siku tatu.

Halafu tuzo. Mtu anapanda jukwaani anamtuza mwimbaji elfu kumi, elfu ishirini. Ni za nani? Mimi nasema ni za aliyetuzwa. Amueni kabla hamjatoka.

---

BesiYaKale amejibu:

Dada yangu, kwa tuzo hatukubaliani. Mwimbaji anatuzwa kwa sababu ridhim imemshika na besi imembeba. Mtuzaji hamwoni mpiga besi gizani kule nyuma, lakini ndiye aliyemtoa kitini. Kwetu zilikuwa zinaingia kapu moja.

---

SautiYaTanga amejibu:

Kaka, nakuheshimu. Lakini gauni, viatu, nywele, nani ananinunulia? Kapu?

---

FundiMitambo255 amejibu:

Nitasema umeme tu. Bebeni mita ya kupimia na stabilaiza ya kinanda na mikisa. Kumbi nyingi za pembeni ya mji umeme unashuka usiku watu wakiwasha majiko na friji, kinanda kinajizima na kuwaka katikati ya wimbo.

La hatari zaidi: maiki kumpiga shoti mwimbaji mdomoni. Mara nyingi ni kwa sababu ampi ya gitaa imechomekwa soketi ya ukuta huu na mikisa ukuta ule, na waya wa ardhi wa jengo ni mbovu. Vyote vya jukwaani vitoke kwenye laini moja. Pima kati ya maiki na nyuzi za gitaa kabla mtu hajashika vyote viwili. Wengine hukata waya wa ardhi kwenye plagi ili mlio wa "mmm" uishe. Usimruhusu mtu, hata kama ni fundi wa ukumbi mwenye mvi.

---

MpwaniMombasa amejibu:

Salaam kutoka Mombasa. Sisi huzunguka Malindi, Diani, na mara nyingine twavuka Lunga Lunga kuja Tanga. Mkitaka siku moja kuja huku, andikeni orodha ya vyombo vyote na namba zake za kiwandani, igongwe muhuri mkitoka, ndiyo mkirudi msiulizwe mwanunua wapi. Hata ndani ya nchi orodha hiyo yafaa: sisi twaisoma kila tukipakia usiku, mmoja asoma, mmoja ashika chombo kwa mkono. Pedali na waya ndizo hupotea, si spika.

Na hizo siku nne katikati msikae bure. Wale ndugu wa bendi ya Simba Wanyika walitoka Tanga wakapitia Arusha hadi Nairobi, huku kwetu wakawa wakubwa. Bendi ikikaa gesti bila kazi watu huanza kuhesabiana makosa. Fanyeni mazoezi kila asubuhi, wimbo mpya mmoja.

---

KinandaMoro amejibu:

Nawashukuru sana, wote. Tumekaa kikao jana usiku, nikawasomea majibu yenu yote kwa sauti. Nilipofika kwenye mtulinga wa yule mpiga tumba, mpiga tumba wetu alitoka nje, akarudi baadaye.

Tumeamua hivi. Iringa tunalala. Vyumba vitano: dereva cha kwake, mimi na dada yetu kimoja, wanaume sita vitatu. Mpiga solo alisema fedha haitoshi, tukapiga hesabu tukaona tukiacha kushona sare mpya tunalipa usiku huo na mikanda ya kufungia spika juu yake. Sare za zamani tunazifua. Bahasha imeshagundishwa, ameshika mpiga ridhim, ni muumini wa msikitini na hanywi. Kuhusu mteja wa mezani, kiongozi wetu amesema mbele ya wote kwamba jibu litakuwa lake. Dada yetu hakusema kitu, lakini leo amekuja mazoezini mapema kuliko sote.

Tuzo tumebishana mpaka saa saba. Mwisho: anayotuzwa mtu mkononi ni yake, inayotupwa jukwaani ni ya kapu.

Mzee, ni wiki ya mwisho wa mwezi, Iringa tuko salama. Njombe promota amesema viazi vimeanza kutoka. Wa Makambako bado hajatuma kibali wala mafuta, nimempa mpaka Jumanne, asipotuma tunapita kwake bila kushusha kitu.

---

BesiYaKale amejibu:

Vizuri mwanangu. Hiyo Jumanne usiisogeze.

Mkifika Ilula nitumieni ujumbe humu. Ukumbi wenu naujua, ngazi zake ni mbaya na spika zenu ni nzito. Nitakuja na vijana wangu wawili wa kibandani kushusha, dereva wenu aende akalale.