Kujijua kupitia kuchora na kufinyanga: kwa vitendo, mtu anaanzaje?

KurasaTupu:
Habari zenu wakuu. Kila mahali inasemwa kwamba kufanya sanaa humsaidia mtu kujijua, lakini maelezo huishia hapo hapo. Naomba wenye ujuzi waeleze kwa vitendo. Mtu asiyejua kuchora, mwenye dakika 20 kwa siku na mfuko mwepesi, aanze na vifaa gani? Siku ya kwanza afanye nini hasa? Na atajuaje kwamba anajifunza jambo kumhusu yeye mwenyewe, na hajazi tu makaratasi? Halafu kuna hili la rangi: ni kweli nyeusi ikitawala ina maana fulani?

Penseli2B:
Karibu. Wengi hupotea kwa sababu wanaitazama picha iliyokamilika na kuiuliza ina maana gani. Picha iliyokamilika husema kidogo. Tazama maamuzi madogo yaliyoizaa: ulichagua kuangalia nini, uliruka nini, ulikawia wapi, uliharakisha wapi. Mchana kutwa tunafanya maamuzi ya aina hiyo bila kuyaona. Ukichora, yanabaki kwenye karatasi na unaweza kuyarudia wiki nne baadaye.

Vifaa ni vichache. Daftari moja la A5, karatasi zisizo na mistari, uzito wa gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Zikiwa nyepesi zaidi, wino hupenya upande wa pili. Daftari la bei kubwa nalo lina shida yake: mtu huogopa kulichafua, akaishia kulitunza kabatini. Kalamu iwe ya ncha ya milimita 0.5, au penseli ya 2B. HB ni ngumu na hutoa kijivu kilekile hata ukikandamiza. 6B ni laini mno, inapakaa ukurasa wa pili ukifunga daftari. Raba usinunue kabisa, maana mstari uliofutwa ni sehemu ya kumbukumbu unayoitafuta.

Siku 7 za kwanza fanya zoezi moja tu, kuchora bila kutazama karatasi. Bandika karatasi mezani kwa gundi ya utepe pembe zote nne isiteleze. Chagua kitu kilicho mbele yako, mkono wako wa pili, kiatu, funguo. Weka saa dakika 5. Macho yafuate ukingo wa kitu hicho taratibu kama mdudu anayetambaa juu yake, na kalamu isogee kwa mwendo uleule bila kuinuliwa. Ukimaliza kabla ya dakika 3, umekimbia. Mchoro utatoka umepindapinda, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kosa la kawaida ni kuchungulia. Dawa yake: chukua kipande cha kadibodi cha upana wa kiganja, kitoboe katikati, pitisha kalamu kwenye tundu hilo, na kadibodi itaufunika mchoro.

Ukimaliza, andika pembeni vitu vitatu: tarehe, saa, na mahali ambapo jicho lilitaka kukimbia. Basi. Usiandike "nilijisikia hivi na vile"; siku za mwanzo maneno hayo huwa ya kubahatisha.

Wiki ya 2 hadi ya 4, kila siku chora kitu kimoja ulichokutana nacho siku hiyo, dakika 15, ukiruhusiwa sasa kutazama karatasi. Dakika 5 zinazobaki ni za kuandika tarehe na sentensi moja: kwa nini hiki na si kile cha jirani yake.

Siku ya 28 ndipo unaposoma. Tandaza kurasa zote na uhesabu, usitathmini. Watu wangapi, vitu vingapi? Vya ndani vingapi, vya nje vingapi? Umechora kwa umbali gani? Mchoro umekaa katikati ya ukurasa au umejibana pembeni? Siku zipi umeruka, na zinafuatana? Tuseme kati ya michoro 28, tisa ni ya viti vitupu. Usikimbilie kusema ni upweke. Huenda kiti ndicho kilichokuwa mbele ya macho! Pima: wiki inayofuata hamisha mahali pa kuchorea. Viti vikitoweka, ilikuwa mazoea ya mahali. Vikikufuata hadi huko, sasa una swali la haki la kujiuliza, na jibu lake unalo wewe, wala halimo kwenye kamusi yoyote ya alama.

KiooChaPembeni:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila naongeza kujichora uso, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapogundua kwa haraka kwamba hajitazami, anajikumbuka tu.

Jaribu hili kwanza. Simama mbele ya kioo, fumba jicho moja, na kwa kipande cha sabuni zungushia taswira ya uso wako juu ya kioo kutoka utosini hadi kidevuni. Pima umbo hilo kwa rula, kisha pima kichwa chenyewe. Umbo la kwenye kioo ni nusu ya urefu wa kichwa, na linabaki nusu hata ukirudi nyuma hatua tatu. Watu hubisha mpaka wapime wenyewe. Umekiangalia kioo miaka yote na akili ikakurekebishia bila kukuuliza.

Kuchora kwenyewe: kioo wima usawa wa macho, umbali wa sentimita 50 hadi 60, taa moja tu upande mmoja. Taa mbili hufuta vivuli na uso unakuwa kama sahani. Macho yako katikati ya urefu wa kichwa. Anayeanza huyapandisha juu kwa sababu paji la uso na utosi "havina kitu", kwa hiyo anavipunja. Upana wa kichwa ni kama macho matano. Chora mara moja kwa wiki, dakika 20, kwa wiki 8, na usifungue za nyuma hadi ya nane ikamilike. Kisha angalia ni sehemu gani ya uso unaikamilisha kila mara na ipi unaiacha na mistari miwili mitatu. Kuna anayechora nywele kwa uangalifu na mdomo kwa haraka kila wiki bila kujua.

Tena usidhani kujichora lazima kuanze na majivuno au huzuni. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alijichora zaidi ya mara 35, nyingi kati ya 1886 na 1889, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hakuwa na pesa za kuwalipa watu wamkalie. Mchoraji wa Meksiko Frida Kahlo alianza kujichora akiwa kitandani baada ya ajali ya basi ya 1925, kioo kikiwa kimewekwa juu yake. Walianza na uso uliokuwepo karibu.

UdongoMbichi:
Wakuu mmesahau mikono. Kwa mtu ambaye kichwa kimejaa maneno, kalamu humrudisha kwenye maneno yaleyale. Udongo wa mfinyanzi ni bora.

Chukua gramu 400, donge linaloenea viganjani. Likande mara 20 hadi 30 mpaka lilingane ulaini. Lizungushe liwe mpira, ingiza kidole gumba katikati, acha unene wa sentimita 1 chini, kisha bonyeza kuta ukizungusha mpaka zifike milimita 6 hadi 8. Fanya ukiwa umefumba macho. Utajikuta unabonyeza kwa nguvu upande mmoja, au unarudiarudia ukingo wakati kitako bado ni kizito. Hiyo ndiyo tabia yako, imechapwa.

Yanayoharibika: ukingo hupasuka kwa sababu ni mwembamba na joto la mkono hulikausha donge kuanzia hapo. Tone moja la maji kidoleni linatosha. Ukimwaga, kuta zinalala. Huna haja ya kuchoma. Acha kikauke kabisa, kivunje, kiloweke, utumie tena. Kikiwa na unyevunyevu nusu hakitayeyuka vizuri majini, lazima kwanza kikauke kama mfupa. Vumbi lake usilifagie, lina madini ya silika na ni baya kwa mapafu; futa kwa kitambaa kibichi.

Na kukivunja chombo kuna faida nyingine: angalia ni kipi unashindwa kukivunja.

KurasaTupu:
Shukrani sana. Swali dogo: watu wengi huacha siku ya nne au ya tano kwa sababu michoro ni mibaya na inawaaibisha. Hapo inafanywaje? Na la rangi bado sijajibiwa.

Penseli2B:
Aibu hutokana na kuonyesha. Mwezi wa kwanza usimwonyeshe mtu na usipige picha za kurasa. Ukijua kuna macho yatakayoona, utaanza kuchagua vitu vinavyopendeza, na daftari litajaa mtu unayetaka kuonekana. Pia punguza muda badala ya kuacha: siku mbaya chora dakika 3, mstari mmoja, tarehe. Siku iliyorukwa usiilipe kesho yake kwa michoro miwili. Acha ukurasa wazi wenye tarehe, nao utauhesabu.

RangiTatu:
Nijibu la rangi. Hakuna orodha ya kuaminika ya "nyeusi ni huzuni, nyekundu ni hasira". Mara nyingi nyeusi hutawala kwa sababu ndiyo kalamu iliyokuwepo, au kwa sababu njano haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe. Ukitaka rangi zikwambie kitu, linganisha na mazoea yako mwenyewe: tumia kopo zilezile tatu, nyekundu, njano na bluu, kwa wiki 4, kisha uone ni siku gani ulitoka kwenye kawaida yako. Kwa rangi za maji hama uende karatasi ya gramu 300. Ile ya daftari itakunjamana.

Kuhusu manufaa, kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel uliochapishwa 2016: watu wazima 39 walifanya sanaa dakika 45 kwa udongo, kalamu za rangi au picha za kubandika, na kwa karibu asilimia 75 yao kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kilishuka. Waliokuwa na uzoefu na wasio nao hawakutofautiana. Ila haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiubebeshe zaidi ya unachosema.

Mpaka wa haya yote: zoezi likimwacha mtu akikosa usingizi, au picha ileile ya tukio baya inarudi kila ukurasa na kila mara anazidi kuumia, aliweke daftari chini na amtafute mtaalamu wa afya ya akili. Daftari anaweza kwenda nalo. Tarehe zilizoandikwa pembeni nazo zinaweza kumsaidia mtaalamu huyo.