Mayai ya kuchemsha yananing'ang'ania ganda, naomba msaada

Mama Trei (Uyole):
Habari za jioni wadau. Nachemsha trei zima la kuuza kwa mpigo, mayai 30 ya kuku wa kisasa, yametoka bandani asubuhi hiyohiyo. Nayapanga kwenye maji baridi, nawasha gesi, maji yakichemka nazima na kufunika dakika 12 kama nilivyoelekezwa. Nikimenya, ganda linatoka na vipande vya yai, na mengine kiini bado kinateleza. Chumvi naweka kijiko kizima. Kosa ni mayai, maji au mikono?

Jiko la Mkaa (Mwanjelwa):
Mikono haina kosa, mama. Anza na mayai yenyewe: ni mapya mno. Yai la leo lina hewa ya ukaa ndani ya ute, na hewa hiyo hutoka pole pole kupitia vitundu vya ganda. Ikishapungua, pH ya ute (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) hupanda kutoka 7.6 hivi hadi 9 na ushee. Ute ambao haujafika huko ukiiva unashikamana na ule utando ulio chini ya ganda, ndiyo maana linatoka na nyama. Kwenye baridi hewa hutoka taratibu zaidi, kwa hiyo msimu wa Juni na Julai yape siku 7 hadi 10. Trei la leo liuze bichi, chemsha la wiki iliyopita.

Kupima ni rahisi. Zamisha yai kwenye bakuli la maji. Likilala ubavu ni jipya. Likisimama upande mnene ukiwa juu, hilo ndilo la kuchemsha. Likielea, usimpe mteja.

Halafu hayo maelekezo ya kuzima moto ni ya watu wa pwani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ukizima hapo na kibaridi hiki, sufuria inapoa kabla kiini hakijashika. Moto uendelee kuwaka mpaka mwisho.

Mgomba (Tukuyu):
Naongezea kuhusu hayo maji baridi ya kuanzia. Yai likipata joto kidogo kidogo, ute unapata muda wa kujishikiza kwenye utando. Likikutana na maji yanayotokota, ute wa nje unaganda ghafla na kujivuta ndani. Hii inasaidia hata kwa mayai ambayo hayajakaa sana.

Ila dada, siyo 30 kwa mpigo. Trei la mayai ya saizi ya kati lina karibu kilo 1.8. Ukiyamwaga yakiwa baridi kwenye lita 3 za maji, joto linashuka mpaka kama nyuzi 70, na hapo umerudi kulekule kwenye joto la kidogo kidogo. Chemsha 15 kwa lita 4, moto mkali. Yashushe kwa kijiko cha matundu, usiyadondoshe. Anza kuhesabu maji yakirudi kutokota: dakika 13 kwa yai la kisasa, 11 kwa la kienyeji kwa sababu ni dogo.

Kama ni lazima yaive 30, tumia mvuke. Maji ya vidole viwili chini, juu yake sahani ya bati yenye matundu au vipande vya shina la mgomba, maji yakitokota panga mayai na ufunike vizuri. Maji ni machache, kwa hiyo yanarudi kutokota upesi. Dakika 15.

Kijana wa Kabwe:
Shikamoo mama. Mbona hamjataja magadi? Nusu kijiko cha chai tu, maganda yanadondoka yenyewe.

Jiko la Mkaa (Mwanjelwa):
Magadi yanapandisha pH ya maji, lakini kinachopenya ganda ndani ya dakika 13 ni kidogo mno. Ukizidisha, yai linanuka. Chumvi nayo haimenyi. Kazi yake ni kugandisha ute haraka pale yai linapopasuka, usitapakae sufuria nzima.

Mama Trei (Uyole):
Marahaba mwanangu. Sasa maji yanayotokota si yatayapasua?

Mgomba (Tukuyu):
Yanapasuka kwa sababu hewa ya upande mnene inatanuka ghafla na kukosa njia. Yaloweke kwanza dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu. Ukipenda, toboa upande huo mnene kwa pini safi, milimita 2 au 3 tu, usifike kwenye ute. Yenye ufa tangu dukani yaweke pembeni, hayo ni ya chipsi mayai.

Yakiiva, yatie kwenye beseni la maji baridi papo hapo. Huku hatuhitaji barafu, ya bomba yanatosha, ila yabadilishe mara moja yakianza kupata joto. Yakae dakika 10 hadi 15. Ukiyaacha yapoe yenyewe sufuriani, kiini kinazungukwa na ukijani: salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini. Halidhuru, lakini wateja wanadhani yai limeoza.

Kumenya: gonga upande mnene, viringisha yai mezani kwa kiganja mpaka ganda zima liwe na nyufa, kisha menya ndani ya maji. Shika utando, siyo ganda. Maji yakishaingia chini ya utando, ganda linavuka kama soksi. Na usimenye yote asubuhi, menya mteja akifika.

Baridi Kali (Makete):
Sisi wa juu zaidi, mita 2,000 na kitu, dakika 13 hazitoshi. Ongeza moja au mbili, kisha pasua yai moja la majaribio kabla ya kuepua mengine.

Mama Trei (Uyole):
Sawa, trei la leo nimeliandika tarehe kwa kalamu na kulisogeza pembeni. Huyo wa magadi aje anisaidie kubeba beseni.