Kipande cha majaribio hakikupashwa joto, je, kinafaa kwa tangi litakalopashwa?

Fundi_Chumbageni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Karakana yetu hapa Tanga imepata kazi ya tangi la mgandamizo, mabamba ya chuma cha kaboni yenye unene wa milimita 40, na mchoro unataka tangi zima lipashwe joto baada ya kuchomelewa, kwa kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani), pamoja na jaribio la Charpy (kipimo cha chuma kuhimili mshtuko). Tunao utaratibu wa kuchomelea uliokwisha kuthibitishwa kwa chuma hicho hicho, ila kipande chake cha majaribio hakikupashwa joto. Je, tuutumie?

Mkaguzi_Raskazone
Wa aleikum salaam. Hapana, ndugu yangu. Sehemu ya IX ya kanuni hizo, ya kuthibitisha uchomeleaji, inahesabu chuma kisichopashwa, na kilichopashwa chini ya joto la mageuzi, ambapo muundo wa ndani wa chuma hubadilika (karibu nyuzi 727 za Selsiasi kwa chuma hiki), kuwa hali mbili, na kila moja inadai uthibitisho wake. Joto lile lile linalolegeza mikazo iliyobaki kwenye mshono hupunguza ugumu wake, na likidumu sana laweza kushusha nguvu ya kuvutwa na uwezo wa kuhimili mshtuko.

Kwa sababu ya Charpy, kipande kipya kikae kwenye joto angalau asilimia 80 ya muda wote litakaokaa tangi. Kwa milimita 40, muda wa tangi ni kama saa 1 na dakika 36, kwa nyuzi zisizopungua 595. Lakini mshono ukikutwa na kasoro na kurekebishwa, tangi litarudi tanurini na muda utajumlishwa. Mimi ningekipasha kipande saa 4 tangu mwanzo, maana zitawatosha hadi saa 5 za tangi.

Fundi_Chumbageni
Nashukuru sana, mkaguzi. Tanuri letu ni la umeme. Ukikatika katikati, tumepoteza kazi?

Mstaafu_Pongwe
Hamjapoteza, mwanangu. Sehemu ya VIII ya ASME, ya matangi ya mgandamizo, haidai muda uwe mfululizo. Saa za awamu mbalimbali hujumlishwa. Chungeni mwendo tu: juu ya nyuzi 425, kwa unene wenu, msipandishe zaidi ya nyuzi 140 hivi kwa saa, wala msishushe zaidi ya 175. Themokapo (vipima joto vya waya) zifungwe kwenye chuma chenyewe. Niliwahi kuona kipande kizuri kikikataliwa kwa sababu chati ilionyesha joto la ukuta wa tanuri, na mafundi wakaanza upya kuchomelea.