Panya anayesimama majini usiku: je, ni mtoto wa ndezi?

MkulimaKabare:
Ndugu zangu, nalima maharagwe kando ya kinamasi huku Kabare, Kivu ya Kusini. Mara tatu usiku nimemmulika kwa tochi panya mdogo mwenye mgongo wa kahawia, akiwa amesimama katika kijito chembamba, pua ikikaribia kugusa maji, kisha ghafla akachovya kichwa na kuibuka na kitu mdomoni. Jirani yangu anashikilia kwamba ni mtoto wa ndezi na kwamba tumtege kabla hajamaliza mimea. Je, ni kweli?

MwalimuBiolojia:
Hapana. Ndezi, hata akiwa mdogo, ana manyoya magumu na hula majani na mabua. Mnyama uliyemweleza anafanana sana na yule ambaye wataalamu humwita Colomys goslingi. Miguu yake ya nyuma ni mirefu na myembamba, ndiyo maana anaweza kusimama majini kwa utulivu, huku sharubu zake zikigusa uso wa maji na kuhisi mtikisiko wa mabuu na wadudu wanaopita. Huyo ni mwindaji; maharagwe yako hayamhusu.

Mzee_wa_Mafunjo:
Naomba tusiharakishe, Mwalimu. Katika vinamasi vya mafunjo yupo pia Dasymys, panya mwenye manyoya marefu yaliyotimka, ambaye naye huogelea vizuri lakini hula zaidi mashina na machipukizi. Tumbo lake ni la kijivu. Ndugu mkulima, la huyo wako likoje?

MkulimaKabare:
Ni jeupe kama unga wa muhogo, na mpaka kati yake na kahawia ya ubavuni unaonekana wazi.

Mzee_wa_Mafunjo:
Basi nakubali, ni Colomys.

MwalimuBiolojia:
Kwa sisi Wakongo kuna jambo la kufurahisha: mwaka 2020, watafiti waliolinganisha vinasaba vya panya hawa walitangaza spishi mpya, na mojawapo ikaitwa Colomys lumumbai kwa heshima ya Patrice Lumumba. Ndugu yao wa Ethiopia, Nilopegamys, anajulikana kwa kielelezo kimoja tu, kilichopatikana mwaka 1927. Kuhusu mitego, mwambie jirani aiweke shambani, mbali na kijito, na muache majani ya ukingoni yasimame, kwa sababu tope likijaa majini wadudu anaowategemea hupungua.