Tupeane uzoefu: wapiga besi wa roki Nairobi, mliingiaje kwenye nyuzi nne na mmeishije nazo?

NyuziNne (mwanzilishi wa mada)
Ndugu zangu, bendi ya roki ikisimuliwa hapa jijini, wanaotajwa ni mwimbaji na mpiga gitaa, naye mpiga besi hubaki kama utingo ambaye abiria humkumbuka tu gari likishapita kituo chake. Naanza na yangu. Mwaka 2009 nilikuwa mpiga gitaa katika bendi ya vijana wanne wa South B. Mpiga besi wetu alipopata kazi Mombasa, tulipiga kura na kura ikaniangukia, nami nikakabidhiwa besi ya kuazima kanisani. Nilinuna mwezi mzima, mpaka niliposoma kwamba hata Paul McCartney aliishika besi mwaka 1961 kwa sababu Stuart Sutcliffe alikuwa ameondoka Beatles, na kwamba Geezer Butler wa Black Sabbath naye alianza kama mpiga gitaa.

Uzi wa besi ya kawaida una urefu wa inchi 34, ilhali gitaa langu lilikuwa la inchi 25 hivi, kwa hiyo mkono wa kushoto ulichoka upesi. Wa kulia ndio ulioumia zaidi: uzi mnene wa E ulinitoa malengelenge kwenye vidole viwili, nikawa nakula ugali kwa kijiko, mama akaniuliza nimeungulia wapi.

Mjukuu wa Benga, Kayole
Mimi sikuingia kwa kura. Baba yangu mdogo alikuwa na santuri za Shirati Jazz, na ye yote aliyelelewa na benga anajua kwamba besi ya benga haikai mahali pamoja, bali hukimbia chini ya sauti na kuzijibu gitaa. Nilipojiunga na bendi ya roki nikapiga hivyo hivyo. Kiongozi wetu alisimamisha mazoezi mara tatu siku ya kwanza, akaniambia nishike noti moja na kuifuata ngoma ya mguu ya mpiga dramu. Alikuwa na haki kwa nusu, maana besi na ngoma ile zisipogonga pamoja, gitaa zote hapo juu huwa kelele tupu.

Nusu iliyobaki nilimwonyesha kwa kumsikilizisha John Entwistle, ambaye katika rekodi ya The Who ya mwaka 1965 alipewa nafasi ya besi peke yake, na Cliff Burton wa Metallica, kijana aliyejifunza piano ya kiklasiki utotoni na kuifanya besi iimbe. Burton alifariki Septemba 1986 basi la bendi lilipopinduka Uswidi, akiwa na miaka 24 tu. Tangu nilipomsikilizisha kiongozi wetu rekodi hizo, nina ruhusa ya kukimbia katika baiti ya mwisho. Baba mdogo alikuja kutusikiliza mara moja, akasema kelele ni nyingi lakini besi ameitambua.

Dada wa Besi, Rongai
Kaka, wewe umezungumzia noti, mimi niseme habari za mzigo. Spika ya besi haibebeki kama ya gitaa, kwa kuwa sauti nzito inahitaji kasha kubwa. Nimewahi kulipia viti viwili vya matatu, kimoja changu na kimoja cha spika, na makanga akataka cha tatu kwa ajili ya gitaa. Usiku huo mwenye ukumbi alitulipa kwa soda na ahadi, na ahadi hiyo ina miaka sita sasa. Fundi wa mitambo naye alimkabidhi kebo yangu kaka aliyekuwa amenibebea mkoba, akidhani ndiye mpigaji.

Fundi Kebo
Dada, pole. Mimi hutengeneza amplifaya karibu na Luthuli Avenue. Wapiga besi wengi huniletea spika zilizopasuka kwa sababu waliunganisha besi na amplifaya ndogo ya gitaa. Uzi wa E ulio wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na koni ndogo ya spika haiwezi kusukuma hewa kiasi hicho bila kuumia.

Mzee wa Jumapili
Roki haijawahi kunilipia kodi ya nyumba. Jumapili napiga kanisani, Ijumaa napiga rumba kwenye harusi na hafla, na roki huipata Jumatano usiku. Watoto wangu wamesomeshwa na rumba, na besi ni ile ile.

NyuziNne
Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya Jumatano mnafanyia wapi? Yule wa Mombasa amerudi, anataka nafasi yake ya besi, nami nimemwambia akashike gitaa.