Mwenye nyumba kauza uwanja ulioandikwa kwenye mkataba wangu, sasa kila mtu ananiambia hahusiki

Wakuu, nimekaa na hili jambo wiki tatu, limenishinda kunyamaza.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Fremu yangu iko kwenye kiwanja kimoja, na pembeni kulikuwa na kiwanja kingine kitupu cha mwenye nyumba huyohuyo, kina hati yake. Tulipoandikishana mkataba wa miaka 5, Januari 2023, nilikataa kusaini mpaka kiingie kipengele cha 7: mpangaji atatumia uwanja wa pembeni kupitisha na kushushia mizigo muda wote wa mkataba. Mzee akakubali, na kwa sababu hiyohiyo akapandisha kodi. Fremu ya ukubwa huo ng'ambo ya barabara ni 500,000 kwa mwezi. Mimi nalipa 850,000, tena ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ushuru wa stempu nimelipa, kodi ya zuio asilimia 10 napeleka TRA. Sijachelewa hata siku moja.

Mwezi uliopita nafika asubuhi, nakuta mafundi wameshachimba msingi, kamba imepita hatua mbili kutoka mlango wa stoo yangu. Kuuliza, naambiwa kiwanja kimeuzwa. Hakuna aliyenipigia hata simu. Leo ukuta uko kozi ya nane. Fuso ya saruji inasimama barabarani, vibarua wanabeba mfuko mmoja mmoja kwa shilingi 300. Mzigo wa mifuko 200 ni 60,000 imeondoka, na mwenye hardware yeyote humu anajua faida ya mfuko wa saruji ilivyo nyembamba. Jumanne mvua iliwakuta njiani. Mifuko 11 imeganda, ipo hapo mlangoni, ukiigonga inalia kama jiwe.

Mnunuzi anasema hakuandikishana chochote na mimi. Mwenye nyumba kaniletea barua ya wakili: eti kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinamkataza mpangishaji kuitumia ardhi ya jirani anayoimiliki kwa namna itakayoharibu matumizi ya pale alipopangisha, na yeye ile ardhi haimiliki tena.

Yaani ahadi inakufa siku anapopokea hela ya kiwanja? Kifungu hichohicho kinaanza kwa kusema mpangaji anayelipa kodi atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mpangishaji wala mtu mwenye haki iliyotoka kwake. Huyo mnunuzi haki yake kaitoa wapi kama si kwa mzee? Na kipengele cha 7 alichosaini kwa mkono wake hakisemi "mpaka nitakapouza". Uwanja mmoja kauuza mara mbili, kwangu kila mwaka na kwa mnunuzi kwa mara moja.

Kinachoniuma zaidi ni nilichoambiwa na wakili wangu juzi. Mkataba wa fremu unambana mzee. Ili umbane na mnunuzi, haki ya kupita ilitakiwa iandikishwe kwa Msajili wa Hati, kwenye hati ya kile kiwanja cha pili. Aliyetuandikia mkataba 2023 alichukua hela ya pande zote mbili na hilo hakulitaja. Kama mlango wako unategemea ardhi ambayo haimo kwenye hati ya fremu yako, nenda kaangalie wiki hii, mwenye nyumba akiwa bado mwenye kiwanja.

Nilimpa mzee notisi ya siku 14 apunguze kodi na anilipe hasara. Zimeisha jana. Jibu lake ni kunikumbusha kodi ya mwaka ujao, 10,200,000 ileile, pamoja na uwanja ambao haupo. Silipi hiyo. Naenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Aliyewahi kufungua shauri la namna hii, naomba aniambie: ulimshitaki mwenye nyumba peke yake au ulimuunganisha na mnunuzi? Na amri ya kusimamisha ujenzi uliipata baada ya siku ngapi? Fundi kaniambia lipu wanaanza Jumatatu.